Kwato za Ng'ombe wa Ng'ambo

Nekesa mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda kando ya turubai, nachunga maharagwe yasiliwe. Wewe umeenda mjini Kitale kusukwa nywele kwa ajili ya safari ya kesho, na ninavyomjua yule dada wa saluni na mdomo wake, hutarudi kabla ya jioni. Kuku wa jirani wamesimama pale kwenye ua wananipima. Wameshajua kwamba mkono unaoshika kalamu haurushi jiwe. Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako, chini ya blanketi, na utakapoifikia utakuwa tayari umeshuka Bungoma.

Mambo ya kula, kulala na kufunga mlango sitakuambia. Shangazi zako wamekujaza hayo mpaka masikio yamekinai. Nataka nikuambie juu ya ile tableti. Nilikuahidi nitakupakilia mimi mwenyewe, na sikuipakia. Haimo kwenye begi, haimo nyumbani, na sitaki kuiona tena. Nikiikumbuka tu, mate yananijaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika.

Unakumbuka siku ya kikao. Barua ilikuwa imekuja kwamba umeitwa chuoni pale Kibabii kusomea ualimu wa historia, na watu wetu wakajaa sebuleni hadi wengine wakakalia magunia. Kakangu Wanyonyi alikuja kutoka Bungoma na suti yake ya harusi, ile inayombana kwapani. Kwetu mjomba wa upande wa mama, khocha, ndiye mwenye sauti kwenye zawadi ya namna hiyo, kwa hivyo yeye ndiye aliyekuuliza mbele ya wote unataka nini. Mtoto mwingine angesema simu. Wewe ulitoa kwenye bahasha kile kisomeo, kifaa cha kusomea vitabu, ulichoazimwa na mwalimu wako wa kidato cha nne. Ukasema ungependa kama hicho, hata kikiwa kimetumika, maana umechoka kusoma vitabu kwenye simu yangu hadi kichwa kinakuuma.

Kisomeo kikapita mkono kwa mkono. Nilikuwa natazama nyuso, si kile kifaa, na nikaona aibu ikinipanda shingoni.

"Haina rangi?" shangazi yako Nasimiyu akauliza.

"Haina, aunti. Ni nyeusi na nyeupe, kama kitabu."

"Inapiga simu?"

"Hapana."

"Na video?"

"Hapana. Ni ya kusoma tu."

Kikamfikia Wanyonyi. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mti, ile inayobaki hata kikiwa kimezimwa. Akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. "Toa hii stika kwanza, tuone kioo." Ukamweleza polepole, kwa adabu, kwamba si stika. Ukasema ni wino unaojipanga humo ndani, na ukishajipanga hauhitaji umeme ili ubaki. Yeye akazidi kukwaruza. "Bana, hii ni kalkuleta," akasema. "Ati mtoto anaenda yunivasiti na kalkuleta. Si watu watasema tumeshindwa na ya rangi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Nikasema, "Huyu bado hajui anachotaka." Nilisema hivyo mimi, niliyekuona tangu darasa la sita ukisoma hadi karatasi iliyofungiwa sukari. Nilicheka kwa sababu Wanyonyi ni tajiri na mimi ni mjane mwenye ng'ombe mmoja, na nilitaka aone niko upande wake. Kicheko cha kujipendekeza kina ladha yake mdomoni. Nimekuwa nayo tangu siku ile.

Halafu ikaja ile Jumapili. Sijawahi kukuambia jinsi ilivyonichukiza, maana nilikuwa nimesimama mbele nikitabasamu kwenye picha. Tableti aliyoinunua Wanyonyi badala ya ulichoomba imefungwa kwa karatasi ya kung'aa kama mtoto wa kubatizwa. Mchungaji ameiinua juu kwa mikono miwili, mzee wa kanisa ameshika kipaza sauti, Wanyonyi anahutubia juu ya ukubwa wa kioo. Kisha wakaiwekea mikono, wakaiombea kwa machozi. Kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa mama Nafula aliyetoka hospitali juzi, na hakuna aliyemgusa hata bega. Walipomaliza, mtu mmoja akaifuta alama za vidole kwa leso, akahema juu yake ili ing'ae, akaifuta tena. Ile pumzi iliyobaki kwenye kioo niliiona kutoka nilipokuwa.

Ulijaribu kuitumia, nakusifu kwa hilo. Tulikuwa tumeyatoa mahindi ya stoo yaliyoanza kuingia fukusi, tukayaanika hapa hapa, na ukaja kuyachunga na tableti yako mapajani. Jua lilikuwa kali. Ukageuza hivi, ukageuza vile, na kila ulivyogeuza kioo kilikurudishia uso wako mwenyewe. Mwishowe ukajifunika shuka kichwani kama mtu anayejifukizia mafua, ukasoma humo ndani ukitoka jasho, na mbuzi wakala mahindi. Ukitoa kichwa, macho mekundu. Na hata humo ndani ya shuka haikukuacha. Ilikuwa inalia kila mara, ujumbe huu, tangazo lile, mtu fulani ameweka picha. Kile cha mwalimu ulikisomea pale pale juani bila kukunja uso, tena jua lilivyozidi ndivyo maandishi yalivyozidi kuonekana. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikanyamaza.

Ulipoenda Bungoma kukaa kwa mjomba wako na kushughulikia mambo ya usajili, ukaniachia ile tableti. Ukasema, "Mama, nimekuwekea kitabu humo. Ni cha mwanamke mkulima. Kisome, utakipenda." Nikafurahi. Hakuna mtu aliyewahi kuniwekea kitabu.

Basi nikakaa sebuleni jioni, nikaosha mikono, nikakifungua. Nikasoma ukurasa wa kwanza. Yule mwanamke alikuwa anaamka kukama, na nikasema moyoni, huyu namjua. Nilipokuwa nataka ukurasa wa pili, kijitangazo fulani kikashuka kutoka juu ya kioo na picha ndogo ya mguu wa ng'ombe. Nikaigusa. Mimi ni mtu wa ng'ombe, ningeachaje.

Ilikuwa video ya mwanamume wa ng'ambo, amemfunga ng'ombe ndani ya vyuma, ameuinua mguu wa nyuma, na anauchonga ukwato kwa mashine inayozunguka. Maganda meupe yanaruka kama anamenya muhogo. Anachonga, anachonga, hadi anafika kwenye doa jeusi. Analifuata lile doa kwa kisu kilichopinda, taratibu. Halafu panapasuka, na usaha unatoka, wa kijivu, na yeye anabonyeza uzidi kutoka. Nekesa, nilishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nikataka mwingine. Tableti ikanipa mwingine bila kuombwa, na baada ya huyo mwingine, na kitabu chako kikabaki pale chini yao kama mtu aliyekanyagwa kwenye umati.

Sikurudi kwenye ukurasa wa pili. Nilianza na kwato, nikaenda kwenye majipu ya watu, chunusi za migongoni, nta za masikioni zinazovutwa kwa koleo, kucha za miguu zilizoota ndani ya nyama. Najua zilivyo chafu. Nilijua hata wakati ule. Nilikuwa nazitazama huku nimekunja pua, na mkono unagusa nyingine. Nilizitazama nikila. Niligusa kioo kwa vidole vyenye mafuta ya omena, nikatazama usaha wa mtu nisiyemjua kupitia mafuta ya omena. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakifanyika kwenye kile kitu kilichoombewa.

Na sasa Sofia, ng'ombe wetu. Nilipokuwa nakama, nilikuwa naiegemeza tableti kwenye hori, mbele yangu, ili mikono ifanye kazi na macho yatazame. Maziwa yalikuwa yanaruka hadi kwenye kioo. Kichwa changu kilikuwa kimeegemea ubavu wa Sofia kama siku zote, nasikia tumbo lake likinguruma, na macho yangu yako kwa ng'ombe wa ng'ambo anayetibiwa. Yeye alikuwa amesimama pale kwa miguu mitatu. Mguu wa nyuma ameuinua kidogo, anaugusisha chini na kuuinua tena. Nilikuwa naona akitingishika, nikimwambia atulie asimwage maziwa. Ukipiga simu kuuliza ng'ombe yukoje, nilikuwa nakuambia yuko sawa. Sikukudanganya kwa kusudi. Nilikuwa sijamtazama.

Uliporudi ulimwona kabla hujaweka begi chini. Ulipita moja kwa moja hadi zizini, ukainama, ukanusa, ukatoka nje ukiwa umeshika mdomo. Wewe ndiye uliyempigia daktari wa mifugo simu. Tukamfunga Sofia pale kwenye nguzo ya ua, wewe umeshika kamba na kichwa chake umekikumbatia, daktari ameinama nyuma na kisu chake, mimi nimesimama kando na ndoo ya maji.

"Mama, hii mguu imeoza kitambo," daktari akasema. "Mlikuwa wapi?"

Harufu ilikuwa imefika, ile ya nyama iliyosahauliwa, na ingenifukuza kama ningekuwa mtu mwenye akili zake. Lakini nilisogea karibu. Daktari alikuwa anachonga, na maganda yalikuwa yanadondoka, na nikaona lile doa jeusi. Nilikuwa nalijua doa hilo. Nilijua kinachofuata. Nikamwambia daktari ausogeze mguu kidogo upande wa mwanga, na akadhani nataka kumsaidia. Sofia alikuwa analia ile sauti nzito uliyoisikia ikikupita kifuani, na wewe ulikuwa unamwambia maneno sikioni, yale ambayo marehemu baba yako alikuwa akimwambia alipomleta akiwa ndama kwenye pikapu kutoka upande wa Suam. Hicho ndicho kitu cha mwisho baba yako alichokileta kwenye boma hili akiwa bado mzima. Usaha ukapasuka.

Ukainua macho ukanitazama, na ukaniuliza, "Mama, unacheka?"

Nikakujibu, "Ni jua linanipiga machoni."

Ukasema tu, kwa sauti ndogo, "Huyu ni Sofia," kana kwamba nimesahau jina, ukarudisha uso wako kwenye shingo yake.

Tangu siku ile unaniita mama vizuri, unaniandalia chai, unanijibu "Ndiyo mama" na "Sawa mama," na hukai nami tena hapa kwenye turubai. Zamani tulikuwa tunachagua mawe kwenye maharagwe tukisengenya kanisa zima. Sasa unafagia upande ule nikiwa upande huu. Kesho unaondoka. Nimeogopa kwamba utaenda hivyo, na adabu yako hiyo, na hutarudi ukiwa yule mwingine. Ndiyo maana nimeshika kalamu, si kwa sababu ya kifaa.

Lakini kifaa nacho kina hadithi yake, na nisipokueleza mimi utaelezwa na Wanyonyi.

Juzi niliifunga tableti kwenye kitambaa cha meza nikaenda nayo mjini, kwenye lile duka la simu lililo nyuma ya soko. Nilikuwa nimesikia kwa mwalimu wako kwamba wana kisomeo cha mtumba ambacho hakuna anayekitaka. Dada mwenye duka akakitoa chini kabisa ya droo, kimejaa vumbi, na ile picha ya mti kwenye kioo. Akaanza kuikwaruza.

"Mathe, hii kitu imekaa hapa hadi imezeeka," akaniambia. "Hakuna mtu anaitaka. Hata stika yake imekataa kutoka."

"Si stika," nikamwambia. "Iko hivyo. Ni wino."

Akaniangalia kama mtu anayejiuliza huyu mama ametoka wapi. Nikaona haya, maana maneno hayo yalikuwa yako, na siku ulipoyasema nilicheka.

Nikamwambia nataka kubadilishana. "Na hii yako ni mpya kabisa," akasema. "Uko shua?" Akaiwasha aikague. Nilikuwa nimesahau, Nekesa. Ilifunguka pale pale nilipokuwa nimeachia, katikati, kwa sauti ya juu. Ilikuwa ukucha wa mguu wa mwanamume. Mteja aliyekuwa ameegemea kaunta akila mandazi aliacha kutafuna. Akalitazama lile andazi, akalirudisha kwenye karatasi.

"Mathe," yule dada akasema, akicheka na kuziba pua kana kwamba harufu inapita kwenye kioo, "ni wewe unaangaliaga hizi?"

Nikasema, "Ni za binti yangu."

Nimeyaandika hayo maneno nikasimama kidogo, nikawafukuza kuku ambao hata hawakuwa karibu. Nilikutaja wewe. Sikutafuta jibu, lilitoka lenyewe, kama lile la jua. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka stendi nikijinuka mwenyewe. Yale ya usaha ni uchafu wa kawaida, hata mbwa ana kitu anachopenda kunusa. Lakini kumvua mtoto wangu heshima mbele ya mtu anayekula mandazi, ili mimi nionekane safi, hilo sijui nilioshe na nini.

Kisomeo kiko chini ya barua hii. Dada aliniongezea kifuniko na vocha ya simu, nadhani dhamiri ilimsuta, maana kwa macho ya kila mtu nimepunjwa. Mwalimu wako alinisaidia kuhamisha vitabu vyako. Alinieleza na ubaya wake, nami nakueleza usije ukasema nimekufichia. Ni kizito cha akili. Ukigeuza ukurasa kinapepesa jicho jeusi kwanza, kana kwamba kinafikiri kama kikukubalie. Ramani zenye rangi kitakuonyesha kijivu tupu. Na zile noti ambazo walimu wa chuo hutuma kama kurasa za kupigwa picha, zitatokea na herufi za kuwatosha siafu, na utalazimika kuzivuta kipande kipande mpaka uchoke. Kwa hizo utatumia simu yako, au kompyuta za maktaba, na siku nyingine utanilaani kwamba khocha alikupa kitu chenye rangi na mama akakibadilisha na kalkuleta. Unilaani tu. Lakini chaji yake inadumu hadi unasahau ulikiweka wapi kile kiwaya, na hakijawahi kulia hata mara moja tangu kiingie nyumba hii.

Sisemi tableti ni shetani. Mchungaji ameshaitakasa. Wapo watu wanaoweza kukaa nayo wakasoma kitabu kizima bila kuangalia pembeni, na labda wewe ni mmoja wao. Mimi siwezi, na wewe umetoka kwangu. Hilo ndilo lililonitisha. Nilipokuwa natazama zile takataka sikuwa na huzuni, wala upweke, wala sababu yoyote nzuri ya kumweleza mtu. Niliulizwa tu, unataka nyingine, na kila mara nilikuwa nataka. Kile kisomeo hakiulizi. Ukimaliza ukurasa kinakaa kimya hadi wewe mwenyewe useme endelea.

Wanyonyi nilimpigia simu jana asubuhi, wewe ukiwa mtoni. Nilimwambia yote ya kubadilishana, ya kwato sikumwambia.

"Dada," akasema, "ile kitu tuliombea."

"Mlimwombea mtoto," nikamwambia. "Kama mliombea kioo, hayo ni yenu."

"Sasa mimi nitaangalia watu wa kanisa na macho gani? Kitu ya khocha hairudishwi. Unajua hivyo."

"Sikurudisha. Nimebadilisha. Na wakikuuliza, waambie waje waniulize mimi."

Akakata. Zamani ningempigia tena nimbembeleze, nijicheke mwenyewe, nimwite mkubwa wangu. Safari hii niliiweka simu kwenye kabati la vyombo nikaenda kumkama Sofia. Kama kesho atakuja na pikapu yake kukuchukua, mpe heshima yake yote, na akitaka kukikwaruza kisomeo mwache akikwaruze. Kama hatakuja, tutabeba godoro wenyewe hadi stendi. Wewe usijibu chochote juu ya hiyo zawadi. Ni mimi niliyeibadilisha na nitasimama nayo.

Asubuhi hii, ulipoondoka tu, nilikitoa kisomeo kwenye begi lako nikaja nacho hapa. Usikasirike, nilinawa mikono. Nilifungua kile kitabu cha mwanamke mkulima na kuanza tena ukurasa wa kwanza, pale anapoamka kukama. Jua lilikuwa kali juu yangu na kila herufi ilikuwa mahali pake. Nikavuka hadi wa pili. Nikaendelea. Kuna mahali ananiudhi yule mwanamke, anamvumilia sana yule mume wake, nikawa nabishana naye kwa sauti hadi jirani akachungulia juu ya ua. Tutamjadili ukija likizo, kama utapenda.

Mahali fulani nilichoka macho nikainua kichwa. Sofia alikuwa amesimama pale kwenye kivuli cha ghala akicheua. Nikaangalia miguu yake, mmoja mmoja. Ule wa nyuma una lile doa la dawa ya buluu aliyopulizia daktari, na ameukanyagia chini wote, uzito wote. Nikamtazama hivyo kwa muda mrefu. Hakuna kilichotoka kwenye ukwato wake na sikukingoja kitoke. Alikuwa ng'ombe tu, wa baba yako, anacheua. Nikaona jinsi ubavu wake ulivyopungua, na nikashikwa na aibu ambayo haikuwa na kichefuchefu ndani yake, ya kwanza kwa muda mrefu.

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Elgon na itabidi niyakusanye maharagwe kabla hujarudi, kwa hivyo namalizia. Utakapokifungua kifuniko utakuta ukurasa uko wazi, umetulia, hata kama hujakiwasha. Hakijaharibika. Ndipo nilipoishia. Ukitaka soma kuanzia hapo, ukitaka rudi mwanzo, ni chako.

Kuna kitu kimoja bado. Uliniuliza swali siku ile umeshika kichwa cha Sofia, na umekuwa ukijiuliza tangu hapo kama uliona vizuri. Nakuona ukinitazama ukidhani sioni. Sitaki ufike Bungoma, ukae na wageni, ukianza kutilia shaka macho yako kwa sababu yangu. Uliona vizuri, mwanangu. Haikuwa jua.

Mamako